Mkonge na Msanifu

Kila kazi ina uchovu wake. Mvuvi huchoka mikono, mchukuzi huchoka mabega, karani huchoka macho. Mwanafunzi wa usanifu, yaani yule anayejifunza kubuni nguo, majengo, samani au michoro ya vitabu, huchoka mahali pasipoonekana. Aketipo mbele ya karatasi tupu hatakiwi kurudia jambo lililokwisha kufanywa. Hutakiwa kutoa jambo ambalo jana halikuwapo. Akilitoa leo, kesho hudaiwa jingine. Deni hili halina risiti ya mwisho. Wengi hulilipa kwa usingizi, kisha kwa afya, na mwishowe kwa imani waliyokuwa nayo juu ya kipaji chao.

Imani hiyo aghalabu huzaliwa nyumbani. Kijana wa Pangani au wa Muheza huingia chuoni akiwa na sifa za mtaa mzima. Ndiye aliyeandika jina la chombo ubavuni mwa mashua, ndiye aliyechora kibao cha kinyozi, ndiye aliyewakatia dada zake mishono ya sikukuu. Chuoni hukuta kwamba kila aliyeketi darasani alikuwa wa pekee mtaani kwake. Kazi yake hutundikwa ukutani, ikapimwa mbele ya macho ya wote na kasoro zake zikatajwa moja baada ya moja. Mwalimu husema kwamba mchoro ni dhaifu. Mwanafunzi husikia kwamba yeye ndiye dhaifu. Tangu siku hiyo njia mbili humfungukia. Moja ni kukata tamaa, na nyingine ni kufanya kazi usiku na mchana ili pasiwe na mtu wa kumtia dosari tena. Njia ya kwanza hulaumiwa na watu wote. Ya pili husifiwa, na kwa sababu husifiwa, hatari yake hutambuliwa ikiwa imechelewa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa aina hii, ule utokanao na mashaka ya kazi ya muda mrefu yasiyopata dawa, kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yenyewe, na kupungua kwa ufanisi. Maelezo hayo yalikusudiwa watu wa ajira, lakini aliyekaa karibu na wanafunzi wa sanaa huzijua dalili zote tatu kwa nyuso zake. Wa kwanza husinzia juu ya rula. Wa pili hudharau kila kinachobuniwa, chake na cha wenzake. Wa tatu hufuta zaidi ya anavyochora.

Mtu wa Tanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na michache hiyo yalitoka mashamba yaliyofunika nchi kutoka pwani mpaka Korogwe, na katika mwaka 1964 Tanganyika ilitoa katani zaidi ya tani 200,000. Sasa, mkonge una kanuni moja ambayo kila mkataji aliijua. Majani hukatwa yale ya chini, yaliyokwisha komaa. Ya juu huachwa yakizunguka moyo wa mmea. Mkataji mwenye pupa akiyakata mengi kupita kiasi ili ajaze mzigo wake, mmea haufi siku ile. Husimama palepale ukionekana mzima, lakini majani yanayofuata hutoka mafupi na membamba, na shamba huanza kutoa hasara bila ya mtu kujua siku hasara ilipoanza.

Mwanafunzi wa usanifu ni shamba na mkataji kwa wakati mmoja. Majani yake ya juu ni usingizi, mazungumzo na jamaa, matembezi yasiyo na faida, ibada kwa mwenye kuabudu, mchezo wa bao kibarazani, na mchoro mmoja auchorao bila ya kuamriwa wala kupewa alama. Juu ya hayo ndipo fikira mpya hujilisha. Wiki ya mtihani ikija, haya ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa kuwa hakuna mwalimu ayadaiye. Kazi ya wiki hiyo yaweza kutoka nzuri. Ile ya muhula ujao ndiyo hutoka fupi na nyembamba, naye mwenyewe hudhani kuwa kipaji chake kimekwisha, kumbe kimekatwa majani ya kujilishia.

Katika mashamba yaleyale ya zamani palikuwa na kipande, kadi yenye nafasi thelathini za siku za kazi. Mpango ule ulikuwa na ukali wake, na wengi waliumia ndani yake. Hapana sababu ya kuusifu. Walakini ulikuwa na jambo moja ambalo mwanafunzi hana: kazi ya siku ilijulikana mwisho wake. Bahari nayo hufundisha vivyo hivyo kwa upole zaidi. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hukupwa mbali, na watu wa pwani hutoka mwambani kutafuta pweza. Wakati wa maji mafu mwamba haufunuki vizuri. Basi nyavu hushonwa na ngalawa huzibwa. Hapana amwitaye mvuvi mvivu kwa kuwa alishona wavu. Msanifu kijana naye ajiwekee saa ya kuweka kalamu chini, na siku za maji mafu azihesabu kuwa ni sehemu ya uvuvi.

Liko kosa jingine linalochosha, nalo ni kudhani kwamba kubuni ni kuumba kila kitu upya. Itazamwe kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Huuzwa kwa doti. Mpango huo umekaa kwa zaidi ya miaka mia, na maelfu ya wabunifu wamefanya kazi ndani ya mipaka hiyo bila ya kanga kwisha upya. Hapana aliyeambiwa kwamba hana kipaji kwa sababu hakubuni nguo yenye pembe tano. Mpaka humpunguzia mtu mzigo: akijua pindo litakaa wapi, nguvu zake zote huenda kwenye rangi na ua la katikati. Mwanafunzi anayejiamini si yule asiyefuata kawaida yoyote, bali ni yule aliyechagua kawaida zake.

Kuhusu kukataliwa na kuchelewa, mifano ipo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika mwaka 1932, alikuja Tanga kufanya kazi katika shamba la mkonge, akaenda Dar es Salaam mwaka 1959, akashika vibarua mbalimbali. Alipoanza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao mwembamba, alikuwa na miaka yapata 36. Mauti yalimkuta mwaka 1972. Miaka minne ilitosha kuacha mtindo unaobeba jina lake. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali tangu 1926, na vitabu vyake aliviandika pembeni mwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1962, na Kufikirika kilipigwa chapa mwaka 1967. Kama thamani ya kitabu hicho ingalipimwa kwa majibu aliyoyapata mwandishi akiwa hai, kingalihesabiwa kuwa si kitu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Yamkini mtu atasema kwamba shauri la kupumzika ni la matajiri, na kwamba mwana wa maskini anayesomeshwa kwa mkopo hana nafasi ya maji mafu. Hoja hii ina nguvu, wala haijibiwi kwa mwanafunzi peke yake. Walimu ndio washikao mundu. Kazi tano zikidaiwa katika wiki moja, na kila mwalimu akidhani yake ndiyo pekee, si haki kumlaumu kijana kwa kunyauka. Kasoro za mchoro na zitajwe bila ya kuficha, lakini zitajwe kuwa za mchoro, na pamoja nazo itajwe sehemu moja inayostahili kuendelezwa. Lakini hata mwana wa maskini atahitaji kubuni akiwa na miaka arobaini, wakati mkopo umekwisha kulipwa na watoto wanamtazama. Miche 62 ilitosha kuanzisha mashamba yote yale, kwa sababu iliachwa ikue kabla ya kukatwa.