Aliyefukuzwa Majuu Hajaja Likizo

Kwenye ruracio (sherehe ya mahari) moja iliyofanyika Ruiru, upande wa Kihunguro, mwanamume aliyeishi Marekani tangu ujana wake alikuwa akizungushwa kusalimia wageni. Kila meza aliulizwa lile lile: "Na unarudi lini?" Wengi wa waliouliza walijua jibu. Walijua kwamba alifikishwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na maafisa wa uhamiaji, mkononi ana hati ya dharura ya kusafiria na mfuko mmoja wa nguo. Naye alijibu kama mamake alivyomwelekeza: "Nikimaliza shughuli kidogo hapa." Mwandishi wa makala haya, mzaliwa wa Thika anayeishi Massachusetts, alisikia swali hilo hadi akakosa hamu ya kula.

Pengine lilimchoma zaidi kwa sababu alikuwa ametoka kutazama filamu ya Home Again ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Sudz Sutherland wa Kanada. Inafuata watu watatu waliozaliwa Jamaika wakakulia ng'ambo: Marva wa Toronto, Dunston wa New York na Everton wa London. Wote wanarudishwa Kingston kwa nguvu, mji ambao hawaujui hata njia zake. Marva, anayeigizwa na Tatyana Ali, ameacha watoto wake Kanada. Everton, kijana aliyelelewa kwa starehe, anaporomoka hadi kuishi barabarani. Filamu yenyewe ilipigwa Trinidad, ila uchungu ni wa Jamaika mtupu. Ndugu wanawadharau, majirani wanawaogopa, wahuni wanawawinda. Lakini hakuna anayejifanya hajui. Mtaa mzima unajua huyu amefukuzwa, na hadithi inaanzia hapo.

Jamaika ilizoea jambo hili kwa kulazimishwa. Septemba 1996 Bill Clinton alitia saini sheria iliyopanua orodha ya makosa yanayoweza kumwondoa Marekani hata mtu mwenye kibali cha kudumu, na kuanzia hapo watu wakarudishwa Karibea kwa maelfu. Uingereza nayo ilifanya yake: mwaka 2018 kashfa ya Windrush ilifichua kwamba watu walioingia kihalali kabla ya 1973, wengine wakiwa watoto, walikuwa wamenyimwa kazi na matibabu, na baadhi wakafukuzwa. Februari 2020 ndege ya kukodi kutoka huko ikatua Kingston na watu 17, baada ya mahakama kuzuia wengine wasipandishwe.

Ndege ya kukodi ni ukatili, ila ina jambo moja jema. Watu hushuka pamoja. Wanaonana nyuso, wanajua walikuwa wengi, na kesho yake mmoja anaweza kumtafuta mwenzake. Ndiyo maana Kingston ina shirika lililoundwa na waliorudishwa wenyewe, National Organization of Deported Migrants, ambalo humsaidia mgeni wa nyumbani kupata karatasi zake, mahali pa kulala na mtu wa kuzungumza naye. Ubalozi wa Uingereza huko ulifikia hatua ya kutoa kijitabu cha kuwashauri wanaorudi wajitahidi kuongea kama wenyeji, ili lafudhi ya London isiwaponze. Ushauri wa aibu, lakini angalau mtu aliandika kitu.

Mkenya kwa kawaida huletwa peke yake, katika ndege ya abiria ile ile inayobeba watalii, akisindikizwa na maafisa. Akishapita mlango wa uwanja, anamezwa na Thika Road. Hakuna aliyeshuka naye. Familia inampokea usiku, na kufikia asubuhi hadithi imeshapangwa: amekuja likizo.

Familia moja ya Makongeni, Thika, ambayo mwandishi anaifahamu kama yake, ilishikilia likizo hiyo hadi ikawa kichekesho kwa majirani na jela kwa mwana wao aliyerudishwa. Miaka ya tisini walimfanyia harambee ya nauli. Cucu, nyanya yake, aliuza kipande cha shamba la kahawa, kanisa likachanga, picha zikapigwa. Ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kurudi mbele ya watu wale wale na kusema mambo yaliharibika. Mwana huyo akawa hatoki mchana. Ploti aliyokuwa akiitumia pesa kule Kwihota iliandikwa jina la kakake, na angewezaje kuidai wakati rasmi yeye bado ni mkazi wa Lowell, Massachusetts?

Uongo huu una gharama ya kila siku. Aliyeondoka kitambo anahitaji kitambulisho kipya. Bila hicho hapati laini ya simu kwa urahisi, na bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa Ruiru hata kibarua cha mjengo hakilipiki. Anayejificha hapangi foleni Huduma Centre. Isitoshe, Wakenya wengi wa Massachusetts hufanya kazi katika nyumba za wazee: kuwageuza kitandani, kuwalisha, kuangalia vidonda na sukari. Baraza la Wauguzi la Kenya haliwezi kumsajili mmoja wao kama muuguzi kwa kazi hiyo pekee, na ni haki. Lakini Thika na Ruiru zimejaa wazee ambao watoto wao wako majuu, wanaolelewa na wasichana wa kazi wasiofundishwa lolote kuhusu kiharusi. Ujuzi unaohitajika umeketi chumbani, umefunga pazia.

Serikali inawapenda wanaotuma pesa. Mwaka 2024 Wakenya wa ng'ambo walituma takriban dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu zikitoka Marekani, na kuna Idara ya Serikali ya Diaspora ya kuwaenzi. Mwaka huo huo orodha ya idara ya uhamiaji ya Marekani ilionyesha zaidi ya Wakenya 1,200 wenye amri ya mwisho ya kuondolewa. Mnamo Septemba, Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira ambao pia unahusu kuwapokea wasio na haki ya kubaki. Hotuba zilijaa nafasi za kazi. Wanaorudishwa walitajwa kwa sauti ya chini.

Ni kweli, baadhi walitenda makosa mazito, na mwenye hofu ana sababu yake. Jamaika imebishana kuhusu hilo miongo mitatu bila kumaliza. Lakini wapo ambao kosa lao ni visa ya mwanafunzi iliyokwisha karo iliposhindikana, na hata aliyefungwa na kumaliza kifungo lazima ale.

Basi wewe uliye na mtu kama huyo nyumbani, iwe Section 9, Kimbo au Membley, mwondolee hiyo likizo. Fuatana naye Huduma Centre ya Thika mchana kweupe. Mwulize alikuwa akifanya kazi gani, na kama yuko tayari kuanza Jumatatu. Nanyi wachungaji mliochangisha nauli ya kumpeleka, mtangazeni madhabahuni kwamba amerudi na anatafuta kazi.