Msondo Ulivyotufikia Mloka

Mjomba wangu alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, na kila alipokuja likizo kwetu Mloka, Rufiji, alidai kuwa gitaa tunalolisikia redioni ni lake. Kupiga gitaa hakujua. Alichokuwa akikisema ni habari ya makato: kila mwezi mshahara wake ulikatwa ada ya NUTA, chama pekee cha wafanyakazi tangu 1964, na chama hicho ndicho kilichounda NUTA Jazz mwaka huohuo, kikanunua vyombo na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. "Spika zile na nyaya zile ni jasho langu," alikuwa akisema.

Sisi watoto jasho hilo tulilisikiliza juu ya dungu. Mpunga ukikaribia kukomaa familia zilihamia bondeni kulinda mashamba: ndege mchana, nguruwe usiku, na tembo wa pori la Selous siku yoyote waliyotaka. Redio ilikuwa Mkulima, betri National. Zilipoishiwa nguvu tulizianika juani tangu asubuhi, na jioni zikatupa muda kidogo tena. Babu alizitunza kwa ajili ya taarifa ya habari na salamu, kwa hiyo muziki ulipata kilichobaki. Wimbo mmoja tuliujua kwa vipande: ubeti wiki hii, kiitikio wiki ijayo.

Baadaye ndipo nilipofahamu jinsi nyimbo zile zilivyorekodiwa. Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, na wote walipiga kwa pamoja: waimbaji, magitaa, matarumbeta na ngoma. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, zilitengenezwa Nairobi. Santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo wa dansi ulikatwa katikati: mashairi upande wa kwanza, chemko, yaani sehemu ya kucheza, upande wa pili. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na njia ya santuri ikawa ngumu. Mikanda ya redio haikubanwa na kipimo cha dakika za santuri. Mtangazaji akiwa na moyo mzuri, gitaa la solo liliachwa lichemke mpaka mwisho. Tusio na gramafoni tukawa tunausikia wimbo bila kukatwa katikati, betri zikiruhusu.

Mwaka huo wa 1977 NUTA ikawa JUWATA, na bendi ikabadili jina pamoja na mwajiri wake. Mwaka uliofuata kikatokea kilichogawa madungu. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo aliondoka pamoja na wenzake, wakaenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park, ile tuliyoiita Sikinde. Gurumo alikuwa mtu wa Kisarawe, lakini kabla ya NUTA alipitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, kwa hiyo wazee wa kwetu walimhesabu wa nyumbani. Mjomba hakusamehe. "Tumemlea sisi kwa makato, leo anakwenda kuimbia baa!" Kaka zangu wakahamia Sikinde, mjomba akabaki Juwata, na ubishi wao ukawa wa Simba na Yanga. Msingi wa hoja zao ulikuwa masikio. Mjomba alisifu matarumbeta ya Juwata, mazito na yenye fujo, na gitaa la Saidi Mabera, ambaye hakuhama. Kaka zangu walimjibu kwa mpangilio wa Sikinde chini ya Michael Enoch, ambako kila chombo kiliingia kwa zamu yake. Mwaka 1985 Gurumo alihama tena, safari hii kwenda Orchestra Safari Sound, na miaka kadhaa baadaye akarudi bendi yake ya kwanza. Mjomba alimpokea kama mkwe aliyekuja kuomba radhi.

Nilipokwenda Dar kutafuta kazi, niliikuta bendi ya mjomba katika ukumbi wa Amana, Ilala. Wimbo ambao redioni nilidhani ni mrefu, ukumbini ulikuwa haujafika hata nusu. Mashairi yalikwisha, matarumbeta yakasimama, Mabera akaanza kuzunguka palepale kwenye mstari mmoja wa gitaa, na watu wakacheza mpaka mashati yakaganda mgongoni. Nilielewa kwamba mkanda wa redio nao ulikuwa umepunguza, ila haukupunguza kama santuri.

Miaka ya 1990 iliyabadili yote kwa mpigo. JUWATA ikaondoka, ikaja OTTU. Redio binafsi zikaanza. Mashirika ya umma yaliyofuga bendi yakauzwa au yakafa. Hatimaye bendi ikabaki na jina ambalo halikutoka kwa mwajiri, Msondo Ngoma, ikategemea kiingilio cha mlangoni. Sauti ya mwimbaji wake TX Moshi William ndiyo iliyotufikia Mloka wakati huo, hadi alipofariki mwaka 2006. Ilikuja kwa kaseti, ndani ya basi kupitia Kibiti. Kaseti moja ilinakiliwa mpaka sauti ikawa kama inatoka ndani ya mtungi, na tuliirudisha nyuma kwa kalamu ya biki ili kuokoa betri.

Leo mtoni juu yetu lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na kijana wa bodaboda ana nyimbo nyingi zaidi za Msondo kwenye memori kadi kuliko redio ilizowahi kutupigia mwaka mzima. Gurumo alistaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. Sauti yake bado inapita barabarani kila jioni. Lakini ukimwomba kijana huyo akurushie, nyingi ni zilezile za Barabara ya Pugu. Vipaji havijakwisha. Bendi ya watu zaidi ya kumi hailishwi na nyimbo za kurushiana bure. Wanamuziki wale walilalamikia mshahara mdogo na vyombo visivyo vyao, na walikuwa na haki. Hata hivyo mshahara huo ndio uliowakutanisha mazoezini siku baada ya siku, na mazoezi hayo ndiyo tunayoyasikia mpaka leo.