Mwili Wenye Maradhi Nao Wahitaji Kazi

Baadhi ya wazee wa wanafunzi wetu hapa Mpanda wametulaumu, tena kwa mapenzi, kwamba mtu mwenye maradhi kama yetu hafai kuutaabisha mwili wake. Wasema: Mwalimu na apumzike, vijana watamtekea maji, na msahafu ataletewa pale pale alipolala. Twawaombea kheri kwa huruma yao. Walakini yatupasa tueleze kwa nini hatuipokei yote, kwani huenda katika nyumba ya msomaji yumo mgonjwa anayelazwa kwa wema hata nguvu zilizombakia zikamtoka.

Maradhi yetu yaitwa maltipo sklerosisi. Tabibu wa Kifaransa, Jean-Martin Charcot, ndiye aliyeyapambanua na kuyaeleza vyema mwaka 1868. Mishipa ya fahamu imevikwa utando wa mafuta, mfano wa waya wa umeme uliovikwa mpira. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia utando huo ndani ya ubongo na uti wa mgongo ikauharibu. Basi amri itokayo ubongoni hufika mguuni imechelewa, au isifike kabisa. Maradhi haya hayaambukizi, wala hakuna jirani aliyeyatuma. Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria wagonjwa milioni 2.8 duniani, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Katika nchi za ikweta wajulikanao ni wachache, na uchache huo ndio uwafanyao watu wayadhanie mambo mengine. Sisi tulikuwa na miaka 49 jicho moja lilipofifia, kisha mguu wa kulia ukawa mzito. Tuliambiwa mengi, na jina la haki hatukulipata ila baada ya kupanda gari moshi hadi Tabora, na kuendelea hadi Dar es Salaam tukapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku.

Tusiwacheke wanaotutaka tulale, maana matabibu wenyewe kwa miaka mingi waliwakataza wagonjwa hawa kujichosha. Mwaka 1996 wataalamu wa Utah, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15: nguvu na pumzi ziliongezeka, na maradhi hayakuzidi kwa sababu hiyo. Tangu hapo rai imegeuka.

Shida kubwa kwetu ni joto. Mwili ukipata moto, jicho huingia ukungu na mguu huburura. Wilhelm Uhthoff, tabibu wa macho wa Kijerumani, aliliandika jambo hili mwaka 1890. Mtu huogopa, akadhani ameharibika zaidi. Kumbe akipoa hurejea alivyokuwa. Na nani asiyelijua jua la Mpanda mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua? Kwa hiyo mazoezi yetu ni baada ya sala ya alfajiri, kitambaa kibichi shingoni. Twainuka kitini na kuketi bila kushika kitu. Kisha twashika mwimo wa mlango na kuinua visigino. Kisha twatembea kwa fimbo, kijana mmoja akiwa nyuma. Wanafunzi wadogo hutuhesabia kwa Kiarabu, waahid, ithnaan, thalaatha, na tukisita kabla ya ashara hawaoni haya kutuambia. Siku ya pili yake twapumzika.

Sala nayo yataka maneno mawili. Kuinuka kutoka sijda ndiko kugumu kuliko yote. Sheria imemruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi, nasi siku mguu unapokataa twaketi bila aibu. Wapo waonao kwamba kuketi ni udhaifu wa imani. Hatukubaliani nao. Mwenye kuikataa ruhusa kisha akaangukia safu huwaudhi wenzake bure.

Mazoezi haya hayaponyi. Mwaka mmoja maradhi yalitushika upya, tukalala majuma matatu, na tulipoamka hatukuweza kuinuka kitini zaidi ya mara tatu. Leo tumefika kumi na mbili. Mama watoto ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote kuliridhia jambo hili, kwani kutuhudumia alikuona ni haki yake. Sasa ameondoa mikeka inayotutega miguu, na kikombe cha maji hukiweka ng'ambo ya chumba.

Mwenye jamaa aliyelegea mguu asianze kwa kumwigizisha haya yetu. Amfikishe kwanza kwa tabibu, kwa kuwa kiharusi, kisukari na maradhi ya uti wa mgongo nayo hulegeza miguu, na kila moja lina dawa yake. Kisha amwulize mtaalamu wa viungo ni mazoezi gani, na mara ngapi.