Hao "Wengine" Wana Majina

Neno "wengine" halina kosa lolote. Katika sarufi ya shule ni kivumishi cha pekee, ndugu yake -ote, -enye na -enyewe, nami nimelisomesha kwa miaka mingi bila kulionea shaka. Kazi yake ni kuongezea kilichokwisha kutajwa. Kwa hiyo halisimami bila mtangulizi: ili mtu awe "mwingine", sharti pawepo kwanza aliyetajwa kwa jina. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na hapo ndipo linapotumika kwa dhuluma.

Mnamo Agosti 2022 Wakenya walikuwa na wagombea urais wanne: Raila Odinga, William Ruto, David Mwaure Waihiga na George Wajackoyah. Katika karatasi ya kura kila mmoja alikuwa na jina lake, picha yake na kisanduku chake, vya ukubwa ule ule. Fomu 34A zilizojazwa vituoni, ambazo Tume ya uchaguzi ilizipandisha kwenye tovuti yake kila raia ajionee, zilikuwa na nafasi kwa kila mmoja wa wanne hao. Lakini katika ukurasa mmoja wa habari nilioufuatilia siku zile za kungojea, palikuwa na picha mbili, pau mbili za rangi, na chini yake, kwa herufi za kijivu, neno moja: Wengine. Hao wengine walikuwa wawili!

Wapenzi wa ushairi watanielewa upesi. Tuseme mhariri anachapisha ubeti wa tarbia: anaweka mshororo wa kwanza na mloto kwa ukamilifu, mizani yote kumi na sita, kisha anaandika "na mingine". Atatetea kitendo hicho kwa hoja gani? Kwamba nafasi ilikuwa finyu? Gazeti la karatasi lingeweza kujitetea hivyo, maana karatasi ina kingo na wino una gharama. Ukurasa wa mtandaoni hauna kingo. Msomaji huusogeza kwa kidole hadi achoke mwenyewe. Udhuru umekwisha, mazoea yamebaki.

Tume ilipotangaza matokeo tarehe 15 Agosti, Ruto alikuwa na kura 7,176,141, Raila 6,942,930, Wajackoyah 61,969 na Mwaure 31,987. Msomaji aliyeonyeshwa asilimia 50.49 na 48.85 peke yake, akijumlisha, atapata 99.34. Kipande kilichosalia ni kidogo, nakubali. Lakini Katiba ya Kenya inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, mbali na sharti la robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Katika hesabu ya hao wanne, Ruto aliivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Wajackoyah na Mwaure kwa pamoja walikuwa na 93,956. Watu waliofichwa nyuma ya kivumishi ndio walioamua kizingiti kiwe juu kiasi gani, na msomaji aliyenyimwa majina yao hawezi kuielewa hesabu yenyewe.

Lugha yetu ingeweza kutufundisha adabu katika jambo hili, kama tungelisikiliza neno "kura". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kile kijiti au kikaratasi kinachotumika kuamulia jambo kwa bahati, kama wafanyavyo watoto wakitaka kujua nani aanze mchezo. Vijiti vya kura lazima vifanane. Ukirefusha kimoja ukakifupisha cha pili, hujapiga kura, umechagua tayari. Tunalitumia neno hili kila baada ya miaka mitano bila kulisikia.

Badala yake tumeazima maneno ya jirani. Kila uchaguzi nasoma habari za "mbio za farasi wawili", msemo ulioletwa mzima-mzima kutoka Kiingereza hadi pwani ambako mnyama tumjuaye ni punda. Tuna pia neno letu wenyewe, na hilo lauma zaidi: "wasindikizaji". Kusindikiza ni tendo la heima na heshima. Mgeni husindikizwa hadi njia panda, bibi harusi husindikizwa kwa mumewe. Ila anayesindikiza hafiki safari. Kumwita hivyo mtu aliyekusanya saini, akaidhinishwa na Tume na kusimama kugombea, ni kumnyang'anya kitenzi chake. Yeye anagombea. Kushindwa hakumfanyi msindikizaji, kama vile timu iliyofungwa mabao sita haikuwa imekwenda uwanjani kushangilia.

Ukivitazama vitenzi, utaona ubaguzi huo kila mahali. Mgombea mkubwa "ameahidi", "amefafanua", "amehutubia umati". Mdogo "amedai" na "amejitokeza". Halafu kuna hili la "asiyejulikana". Asiyejulikana na nani? Kauli ya kutendeka huturuhusu kumwacha mtenda gizani, na hapa mtenda ni mwandishi mwenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa ni kumjulisha. Ukigusa picha ya mkubwa inafunguka historia ya maisha yake, ilani ya chama na hotuba zake. Ukigusa ya mdogo, kama ipo, hupati kitu. Kwa wengine huwekwa kivuli cha kichwa kisicho na uso.

Na kutojulikana huko kuna gharama. Katika mdahalo wa Julai 2022 wagombea waligawanywa makundi mawili kwa kipimo cha kura za maoni, mstari ukiwa asilimia tano. Watu wataje vipi katika kura ya maoni jina ambalo hawajalisoma popote? Hajulikani kwa kuwa hakuandikwa, na haandikwi kwa kuwa hajulikani. Wajackoyah alikataa kutengwa akaondoka. Mwaure akahojiwa peke yake jukwaani. Mwaka 2013 mambo yalikuwa tofauti: Paul Muite na Mwalimu Mohamed Abduba Dida walikuwa wameachwa nje, kukawa na shauri mahakamani, na mwishowe wagombea wote wanane wakasimama pamoja. Dida alipata kura 52,848 tu, lakini nchi nzima ililijua jina lake, na hakuna aliyeumia kwa kumsikiliza. (Mwalimu mwenzangu huyo alitoa jasho, lakini alichekesha pia.) Mwaka 2017, baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha uchaguzi wa Agosti, Tume ilitaka marudio yawe ya wawili. Ekuru Aukot, ambaye hakuwa amefikisha hata asilimia moja, alikwenda Mahakama Kuu na jina lake likarudishwa kwenye karatasi.

Sidai kwamba kila mgombea aandikiwe makala ya urefu mmoja. Mwenye mikutano arobaini atakuwa na habari nyingi kuliko mwenye minne. Ninachodai ni kile ambacho daftari la mahudhurio humpa kila mwanafunzi, hodari na mzito: jina kamili na mstari wake. Hata mpangilio wa alfabeti una upendeleo wake, maana Wajackoyah atakuwa mkiani siku zote. Hapo ningependa watumie kura, ile ya vijiti.

Limebaki suala la istilahi, nami bado nalihangaikia. "Vyama vidogo" hatusemi udogo wa nini. "Vijichama" ni tusi. "Vyama vichanga" panavutia, ila baadhi yao vina umri kuliko miungano mikubwa iliyoundwa mwaka wa uchaguzi na kuvunjika baada yake. Kwa sasa naandika "vyama vyenye wafuasi wachache". Ni refu, na halitaingia kwa urahisi katika mizani minane, lakini linasema kinachopimwa. Uchaguzi ujao wa Kenya ni Agosti 2027. Mwenye neno fupi zaidi alilete kabla ya hapo.