Jukwaa la Watu Wote

Akina mama wenzetu, jukwaa zuri halihitaji fedha nyingi. Chuo kikuu chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa kilianza mwaka 2007 pale Magamba, Lushoto, kikajulikana kwa kuandaa walimu wa watoto wenye ulemavu. Vijana wa chuo walipotuomba tuwatengenezee jukwaa la mchezo wa nyimbo juu ya Ruthu, mwenzetu mwenye binti kiziwi alituambia, "Mwanangu husikia kwa macho."

Basi kanga za maua tuliziacha nyumbani. Tulitundika shuka moja jeupe, tupu, ili mikono ya mkalimani wa lugha ya alama ionekane. Taa tuliziweka mbele, maana taa ya nyuma hutia uso giza. Shayiri ya Boazi ilikuwa mabua ya mahindi yaliyofungwa kwenye mianzi ya mashambani mwetu. Msitu wa Magamba hatukuugusa. Kutoka Moabu hadi Bethlehemu tuliondoa mtungi, tukaweka ungo.

Ruthu alipokataa kumwacha Naomi, binti yule alilia kabla yetu sote.

Mama, kabla hujapamba ukumbi, uliza kwanza: nani hataona, nani hatasikia?