Meno ya Dani

Kwa miaka mingi, wengi wa waliofia hospitali ya Russia, Kisumu, walipita mezani kwangu kabla ya kupelekwa nyumbani kuzikwa. Nazungumzia picha zao. Jina rasmi la hospitali sasa ni Jaramogi Oginga Odinga, lakini ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti ikafunguliwa mwaka 1969, na sisi wa Manyatta jina la Russia halijatutoka mdomoni. Kutoka mochari hadi kibanda changu upande wa Kondele ni mwendo wa miguu. Familia iliyokwisha kulipia jeneza ilikuja kwangu kutafuta picha ya A4, programu ya mazishi, na kama marehemu alikuwa mtu wa watu, bena ya kufunga mbele ya basi.

"Picha iko?" nilikuwa nauliza. Mara nyingi kilichotoka mfukoni ni kitambulisho.

Anayekumbuka vitambulisho vya miaka hiyo anajua taabu yangu: picha ya nyeusi na nyeupe, ndogo, iliyofunikwa kwa plastiki iliyochakaa. Kazi ilianza na hesabu. Picha ya upana wa sentimita 2.5 ikiskaniwa kwa dpi 1200 inakupa pikseli kama 1,180. Ukiichapa kwa dpi 300 umepata sentimita 10 safi, basi. Aliyeskani kwa 200 kisha akaivuta pembe kwa mausi alipata ukungu, na wapo waliouza ukungu huo bila haya. Bena inayotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara haihitaji hata dpi 100, kwa hiyo mara nyingi ilikuwa rahisi kuliko A4. Wateja hawakuniamini hata siku moja.

Tulitumia Photoshop 7.0, toleo la mwaka 2002, lililotufikia kwenye sidii ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Niliipendea brashi yake ya kuponya. Kabla ya hapo tulitegemea muhuri, ambao unanakili kipande cha shavu na kukigonga juu ya mkwaruzo kama kilivyo, na rangi yake na mwanga wake; ukizembea, uso unaota viraka. Brashi ya kuponya huchukua umbile la ngozi tu, kisha hufuata rangi na mwanga wa pale inapotua. Mkwaruzo wa plastiki ulitoka kwenye paji la uso na mikunjo ya mzee ikabaki.

Sheria ya kibandani ilikuwa kutoigusa picha ya chini. Ctrl na J, nakala inakaa juu, na kila badiliko linapewa leya yake. Suti nayo ilikuwa leya. Tulikuwa na folda nzima ya suti na kola, maana wazee wengi walipigwa picha ya kitambulisho wakiwa na shati la shamba. Shingo haifutwi kwa kifutio: unaweka maski, unapaka nyeusi kuficha, nyeupe kurudisha, kijivu pale ngozi inapokutana na kitambaa. Halafu unachora kivuli cha kidevu juu ya kola, kielekee upande uleule wa kivuli cha pua. Bila kivuli hicho, marehemu anaonekana amepachikwa kichwa cha mtu mwingine.

Ngozi ndiyo iliyonisumbua kuliko vyote. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa Shirley, na albamu za watu wetu zimejaa nyuso zilizozama gizani. Ukiongeza mwangaza wa picha nzima, uso unageuka jivu. Mimi nilikuwa nainua katikati ya ule mstari wa kupima giza na mwanga, huku nikishikilia upande wa giza usipande. Juu yake naweka leya ya kijivu cha asilimia 50, katika hali ya mwanga laini, na brashi hafifu: nyeupe kwenye shavu, nyeusi chini ya taya. Kwa mchapaji, samawati ikizidi kwenye CMYK, kazi yote imeharibika.

Mwaka 2010 Photoshop ilijifunza kukisia. Ukifuta bega la jirani, yenyewe inajaza ukuta au nyasi, na niliifurahia sana. Mwaka 2013 ikaja Canva, na baadaye wajukuu wakaanza kupanga programu za mazishi kwenye simu, na niseme kweli, mpangilio wao wa herufi ulinishinda. Mabango ya uchaguzi yalituweka mjini.

Kisha mashine zikaanza kukisia nyuso. Raila Odinga alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, simu zetu zilijaa picha zake zilizotungwa na mashine. Hazikunitia wasiwasi. Uso ule Kisumu nzima inaujua. Nyusi ikikosewa, mtoto atakwambia. Lakini bibi mwenye picha moja tu duniani, nani atamtetea?

Familia moja iliniletea dani yao, yaani bibi yao, akiwa kwenye simu, anang'aa, anacheka, na safu ya meno meupe juu na chini. Shangazi mtu akaitazama kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Ni dani," mpwa wake akajibu. "Simu imemsafisha tu."

"Dani hakuwa na meno ya chini."

Wajaluo wengi wa kizazi cha dani waling'olewa meno sita ya mbele ya chini, nak, wakiingia utu uzima. Mashine iliona pengo, ikadhani ni kasoro ya picha, ikaziba.

Niliomba picha ya awali, yenye ukungu wake. Nikaiweka leya ya chini, ile ya simu juu, nikalinganisha macho kwa macho, kisha nikapaka maski nyeusi mdomoni na kuzunguka macho hadi dani akarudi. Kitambaa cha kichwani nilikiacha kama mashine ilivyokitunga. Ua moja likikosewa halimtoi mtu kwenye ukoo.

Mpwa akauliza kwa nini walipie kazi ambayo simu imeshaifanya bure. Shangazi alikuwa tayari anahesabu noti.