Vazi la Dominika

Tulipoalikwa na parokia rafiki ya Ubelgiji, jambo la kwanza tulilolijadili katika mkutano wa shirika letu hapa Bunia halikuwa sala, wala ujumbe ambao tungeupeleka, bali nguo. Tuliteuliwa watu wanne, akina mama wawili na akina baba wawili. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba mtu hawezi kwenda kwa Wazungu akiwa amevaa kama anayekwenda shambani, nasi sote tukaitikia. Mchango ukapitishwa. Wengine walitoa franka elfu tano, wengine elfu mbili, na mjane mmoja aliyekimbia vita vya Djugu akatoa franka mia tano alizokuwa amezifunga katika pindo la kikwembe chake. Kwa fedha hizo tulishonewa suti mbili nyeusi, tukanunua tai, tukawavisha akina mama waksi mpya pamoja na libaya zake. Tuliona kwamba tumejiandaa vema.

Dominika ya kwanza huko tuliamka mapema, tukang'arisha viatu, tukaingia kanisani. Kanisa lilikuwa kubwa, la mawe, lakini waamini hawakufikia hamsini, na wengi wao walikuwa wazee. Bwana aliyesoma somo la kwanza alivaa jinzi na sweta ya kijivu iliyochakaa viwikoni. Vijana waliokusanya sadaka walivaa viatu vya michezo. Mama mmoja aliyekuja kwa baiskeli alikaa na koti lake la mvua mpaka baraka ya mwisho. Sisi tulikaa mstari wa mbele, akina baba tai zikiwakaba shingo, akina mama vikwembe vyao vimepigwa pasi mpaka pindo la mwisho. Baada ya Misa mtoto wa wenyeji wetu alimwuliza mama yake kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Kumbe kwao, siku hizi, suti nyeusi yenye tai nyeusi ni vazi la mazishi zaidi kuliko la Dominika.

Tulicheka pamoja nao, lakini usiku hatukupata usingizi upesi. Mmoja wetu alisema kwamba Wazungu wameacha kumheshimu Mungu. Mwingine alisema labda ile ilikuwa parokia ya maskini. Ndipo baba mmoja kati yetu, aliyefundisha shule kwa miaka mingi, akasema: "Wenzangu, huenda sisi ndio tuliomshona Mzungu kichwani mwetu, kisha tukapanda ndege kuja kumtafuta."

Neno hilo lilitufanya tukumbuke mengi. Huku kwetu Ituri, habari za Mzungu na habari za nguo zake zilifika pamoja. Tarehe 29 Aprili 1888, ufukoni mwa magharibi mwa Ziwa Albert, Stanley alikutana na Emin Pasha, ambaye alikuwa amesafiri kuja kumwokoa. Mwenyewe aliandika kwamba alitazamia kumwona mtu mrefu mwenye sare ya Misri iliyochakaa. Badala yake alimwona mtu mdogo wa umbo, mwenye tarbushi safi na nguo nyeupe za pamba zilizopigwa pasi vizuri. Hata suruali alizomletea kutoka Misri zilikuwa ndefu kupita miguu yake. Basi hata Mzungu alimshona Mzungu mwenzake kichwani kabla ya kumwona.

Baadaye walikuja Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Kwa babu zetu, kanzu ile ilikuwa ndiyo sura ya Ulaya. Lakini shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868, na kanzu ile pamoja na joho lake viliigwa kutoka kwa wenyeji wa Algeria. Vazi lililoonekana kuwa la Kizungu kuliko yote lilikuwa limezaliwa katika bara letu. Na waksi, ambayo akina mama wetu waliivaa kwa fahari wakiita vazi la asili, ina safari ya namna hiyo hiyo. Kiwanda cha Vlisco kilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, na vitambaa vyake viliiga batiki ya Java kabla ya kupendwa Afrika. Helmond haiko mbali na mpaka wa Ubelgiji. Tulipeleka Ulaya vazi la kwetu, kumbe aina ile ya kitambaa ilikuwa inarudi karibu na nyumbani kwake.

Baba mwalimu alitukumbusha jambo jingine lisilochekesha. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya mastahili ya kiraia, na mwaka 1952 uandikishaji wa Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeomba alichunguzwa hata nyumbani kwake: analalaje, anakulaje, mkewe anaitunzaje nyumba. Vazi likawa hati ya ushahidi kwamba mtu ni mtu. Kisha likaja zamu ya Mobutu, aliyekataza suti na tai kwa jina la uhalisi, akatuvisha abakosti, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "chini suti". Akina mama nao walikatazwa suruali. Vijana walioitwa masapeli, ambao Papa Wemba aliwapa sifa duniani kote, walivaa nguo za Ulaya za bei kubwa wakati serikali ilikuwa inazikataza. Hivyo, kwa Mkongo, shati halijapata kuwa shati tu. Daima kuna mkubwa fulani aliyesimama karibu akilikagua.

Siku ya tano tulipelekwa Brussels, katika mtaa wa Matonge ulioitwa kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Hapo ndipo tulipoziona hatimaye zile suti tulizozitazamia: makoti yaliyokaa mabegani barabara, viatu vinavyong'aa, kofia zilizochaguliwa kwa uangalifu. Waliozivaa walikuwa Wakongo. Tulimsalimu ndugu mmoja mwenye asili ya Bukavu, tukamweleza mshangao wetu kuhusu yale tuliyoyaona kanisani. Alitusikiliza, kisha akasema: "Mama, Mzungu akivaa suruali iliyopasuka, watu husema ni mtindo. Mimi nikiivaa, naombwa karatasi. Yeye hakuna anayemshuku, ndiyo maana anavaa apendavyo."

Jioni ile tulimsimulia bibi mzee aliyetulaza nyumbani kwake. Hakubisha. Alikwenda akaleta picha ya wazazi wake mbele ya kanisa lile lile, baba na kofia, mama na glavu nyeupe. Akatueleza kwamba utotoni mwake yeye na dada yake walikuwa na jozi moja ya viatu vizuri. Mmoja alikwenda Misa ya asubuhi, akarudi mbio, na mwingine akavivaa kwenda Misa kuu. "Siku tulipoweza kununua nguo za kila siku," alisema, "Dominika ilibaki bila nguo yake. Hata leo sijui kama tulipata au tulipoteza." Nasi hatukuwa na jibu la kumpa.

Tuliporudi Bunia kupitia Entebbe, macho yetu yalikuwa yamebadilika kidogo. Tulipita sokoni tukaona marobota yakifunguliwa, na ndani yake zile jinzi, zile sweta, yale makoti ya mvua, yaliyovaliwa Ulaya, yakapitia kwa wachuuzi wa Kampala, yakafika kwetu. Tulikuwa tumekwenda mbali kutazama mavazi ya Wazungu, na huku nusu ya mji ilikuwa imeyavaa tangu zamani. Katika kambi za waliokimbia vita vilivyowaka tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, watoto huvaa fulana zenye majina ya miji ambayo hawataiona kamwe.

Katika mkutano wa kutoa taarifa ya safari, tulimtafuta kwa macho yule mjane wa franka mia tano. Hakuwapo. Tuliambiwa kwamba hajaonekana kwa miezi miwili, yaani tangu kabla hatujaondoka. Akina mama wawili walikwenda kumwona kambini, chini ya turubai yake. Hakuwa mgonjwa. Alieleza kwamba kikwembe chake cha shirika kiliteketea pamoja na nyumba. Kile alichoazimwa kilikuwa kimerudishwa kwa mwenyewe. Na kwa kuwa kanuni yetu yataka kila mwanachama avae sare Dominika ya kwanza ya mwezi, mmoja wetu alimwomba kwa upole asimame nyuma ya maandamano, asiharibu mstari. Akasema: "Mama zangu, mbele ya Mungu sikuona haya. Niliona haya mbele yenu."

Mwanamke huyo alichangia suti zetu. Tunaliandika jambo hili wazi kwa sababu sisi sote tulikuwapo katika mstari ule, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama nyuma.

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, anawakemea wanaompa mwenye nguo nzuri kiti cha heshima na kumwambia maskini asimame pembeni. Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi. Tulidhani yanawahusu matajiri. Hatukufikiri kwamba sare, ambayo tuliibuni ili tajiri na maskini wafanane, yaweza kuwa mlango ambao maskini hawezi kuupita.

Lakini hatutaki kusema kwamba nguo si kitu. Usemi huo ni mwepesi kwa mtu ambaye hakuna anayemshuku. Kwa ndugu yule wa Matonge nguo ni ngao, na kwa mama aliyepoteza nyumba, kikwembe safi ni neno la kwanza la kusema kwamba bado yeye ni mtu. Wala hatukupanga kuja na jinzi kanisani ili tufanane na Wabelgiji; hilo lingekuwa tu kumshona Mzungu mpya kichwani.

Tulijadiliana kwa saa nyingi. Wazee walishikilia kwamba sare ni umoja wetu, na hawakukosa haki. Mwishowe tulikubaliana kwamba sare ibaki kwa sikukuu, lakini asiwepo atakayeambiwa asimame nyuma kwa kuikosa, na kwamba mfuko wa shirika uwanunulie kwanza wale ambao vita viliwanyang'anya. Baba mmoja aliuza suti yake ya safari, kwa bei ndogo kuliko gharama ya kuishona, akatoa fedha zote. Wa pili alibaki na yake kwa sababu ana harusi ya binti yake, na hatukumlazimisha.

Mjane yule hakungoja kushonewa. Dominika iliyofuata alikuja akiwa na kikwembe cha kila siku na sweta ya kijivu ya sokoni, nzito, iliyochakaa viwikoni. Macho ya wachache yalimfuata. Tabia haiponi kwa azimio moja. Tulimwomba asome somo la kwanza. Alikataa, akasema hajazoea kusoma mbele ya watu, akaenda zake kukaa mstari wa tatu, katikati yetu.